Macho ya Kaka Nkuba

Bweni la Wavulana,
Chuoni, Iringa.
Septemba 1976.

Kaka Nkuba mpenzi,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya Iringa, zikukute huko bondeni Usangu ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto, na ng'ombe pia, maana nakujua, ukiulizwa habari za nyumbani unaanza na zizi. Kikohozi cha baba kinaendeleaje? Ile miguu ya mama iliyokuwa inavimba imetulia? Na maji je, bado mnanywesha pale pale au mmeshasogea tena kwenye mabwawa ya Ihefu? Mimi mwilini sina taabu. Nakula, nalala, na lile blanketi zito ulilonipa ndilo linaloniokoa na upepo wa kilima hiki. Moyoni ndiko kuna habari, na ndiyo sababu barua hii imekuwa ndefu.

Barua yako ilinifikia. Niliifungua nikitegemea mwandiko wa Mwalimu Anania, anayekuandikia siku zote, nikakuta herufi kubwa kubwa zinazopanda kulia kama mbuzi wanaokwenda mlimani, na chini kabisa jina lako, umeliandika kwa mkono wako mwenyewe. Kaka, nilipiga kelele bwenini hadi Danieli wa kitanda cha jirani akadhani nimefiwa. Msimu mmoja tu wa kisomo cha watu wazima, na tayari unaandika barua! Mimi nilimaliza darasa la kwanza na la pili ndipo nikaweza kusoma jina la shule ukutani. Nilifurahi, na sitakuficha, papo hapo nikaona wivu pia. Ndivyo nilivyo, na ukifika mwisho wa barua hii utanijua zaidi.

Ndani ya barua yako umeniomba radhi kwa mwandiko mbaya, ukasema mimi nilipewa kichwa na wewe ukapewa fimbo ya kuchungia, na kila mtu ashukuru kwa alichopewa. Maneno hayo nimeyarudia mara nyingi, na kila nikiyarudia yananichoma. Nitayajibu hapo chini. Lakini siwezi kuyajibu kabla sijakueleza yaliyonipata maabara, kwa hiyo nivumilie. Na usishangae nikikuambia kwamba kalamu hii amenichagulia Danieli, akaniapia kwamba wino wake ni mweusi. Sababu utaiona mbele.

Mwaka huu tunasoma fiziolojia, yaani jinsi mwili wa mtu unavyofanya kazi ukiwa mzima, ili baadaye tukimpata mgonjwa tujue umeharibika wapi. Asubuhi tunaandika darasani, na mchana tunaingia maabara, chumba kirefu chenye meza za mbao na taa za spiriti, kinachonuka dawa na mkojo. Watu wa kupimwa ni sisi wenyewe. Leo mwenzangu analala juu ya meza nami nampima presha, kesho mimi nalala. Tunakimbia kulizunguka jengo halafu tunashikana viganja kuhesabu mapigo. Tunachomana vidole kwa sindano, tone la damu linawekwa kwenye karatasi na kulinganishwa na wekundu uliochorwa kwenye kadi, ili kujua kama damu inatosha. Na mkojo tunaupima kila wiki, mwingine wetu, mwingine unaletwa kutoka wodini. Usicheke.

Kwa kazi za masikio na vidole nilikuwa mbele ya wote. Mwalimu wetu ni Mwalimu Andendekisye, Mnyakyusa asiyemsifu mtu bila kumkaripia kwanza, lakini hata yeye aliwahi kuniita mbele niusikilize moyo wa mwenzetu mmoja, kwa sababu mimi peke yangu nilisikia kwamba lile pigo la pili lina mkwaruzo. Alinikaripia kwa kuchelewa kufika, kisha akaliambia darasa kwamba masikio kama yangu hayanunuliwi dukani. Siku hiyo nilitembea kama jogoo.

Tunafanya kazi wawili wawili, na mwenzangu alikuwa Paskalina, binti wa Mufindi, kwao si mbali na Nyololo. Paskalina ana tabia ya kusema na vitu. Ile dawa ya kupimia sukari ni ya bluu, kaka, na ukiichemsha pamoja na mkojo wenye sukari inageuka rangi kufuata wingi wa sukari yenyewe. Basi Paskalina akishika kile kichupa juu ya moto anakisemesha kama mama anayesemesha chungu cha uji. Haya, umekuwa kijani. Haya, unakwenda njano. Ehe, umefika rangi ya tofali, mwenye mkojo huu ana kazi. Yeye anasema, mimi naandika, na majibu yetu yalikuwa sahihi kila wiki. Nami niliamini naziona rangi hizo. Mtu akikuambia hii ni njano, nawe ukaitazama, unaiona njano.

Nilimpenda. Ningekuambia zamani, ila zamani barua zangu zilisomwa kwa sauti na Mwalimu Anania mbele ya majirani wote. Nilimpenda kwa sauti ile, na kwa jinsi anavyokunja mikono ya koti lake jeupe kabla ya kuanza kazi. Kwa kuwa mdomo ulikuwa mzito nikaamua kumwandikia kikaratasi. Kalamu yangu ilikuwa imeisha wino, nikachomoa moja kwenye kopo la Danieli, nikakaa kitandani nikaandika kwa mwandiko wangu bora kuliko wote. Nilimwambia kwamba nikiwa naye mezani mchana unakwisha upesi mno, na kwamba ningependa kuisikia sauti yake hata nje ya maabara. Nikakiweka ndani ya daftari lake.

Kesho yake hakuniitikia salamu. Wiki iliyofuata alimwomba Mwalimu ahamishwe meza, naye akapelekwa meza ya dirishani, kwa Liberatus.

Sasa huyu Liberatus nikueleze. Ni mtoto wa hapa hapa mjini, baba yake karani. Anavaa suruali ya bugaluu inayofagia sakafu na viatu vya raizoni vinavyomwongezea kimo ambacho Mungu hakumpa. Nywele zake anazichana kutwa. Anaimba kwaya kanisani na anacheza mpira, na akicheka wanamwitikia hata wasiojua anacheka nini. Nilimchukia kabla hajanikosea lolote. Alipopewa Paskalina, chuki ikapata pa kukaa. Nilikuwa nasikia kutoka meza ya dirishani ile sauti ikisema haya, umekuwa kijani, na Liberatus akimtania kwamba hata mkojo unamtii, wote wawili wakicheka. Kaka, wivu ni ugonjwa wa mwilini kabisa. Nilijipima mapigo nikiwasikiliza, yakawa ya mtu aliyetoka kukimbia.

Mimi nikapewa Danieli. Danieli ni mtu mwema, Mlutheri wa hapa Iringa, ila hasemi. Anafanya kazi kimya, anaandika kwake kimya, anaosha vichupa kimya. Na tangu nimekaa naye majibu yangu yakaanza kuharibika. Mgonjwa mwenye sukari kidogo mimi naandika nyingi. Aliye na sukari ya hatari mimi naandika kidogo. Kadi ya damu ndiyo kabisa: niliandika kwamba Danieli ana upungufu mkubwa wa damu, na Danieli mwenyewe ana mashavu kama mtoto wa sikukuu. Mwalimu alinirudishia kazi zangu akaniambia wazi kwamba mtihani wa vitendo uko karibu, na kwamba anayeshindwa vitendo vya fiziolojia haendelei, anafunga sanduku na kwenda kupanda basi pale Ipogolo.

Nilijiuliza imekuwaje. Akili ya mtu mwenye wivu haitafuti mbali. Niliona kwamba majibu yangu yameharibika tangu siku ile Paskalina alipohamia kwa Liberatus, kwa hiyo anayeyaharibu ni Liberatus. Nikakumbuka kwamba yeye ndiye anayegawa vichupa vya wodini, kwamba siku moja alisimama karibu na meza yetu bila sababu, kwamba aliwahi kunitazama akatabasamu. Nikajitungia kesi nzima, na katika kesi hiyo nilikuwa shahidi na hakimu.

Siku ya siku Mwalimu alituwekea mkojo mmoja meza zote, ili tuone kama tutapata jibu moja. Meza zote zikasema sukari ni nyingi, rangi ya tofali. Danieli naye akaandika hivyo. Mimi nikaandika kijani, sukari kidogo sana. Mwalimu alipolisoma jibu langu kwa sauti darasa likacheka, na katika kicheko kile nikasikia cha Liberatus, na pembeni yake nikamwona Paskalina ameinama. Nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba Liberatus ananichezea vichupa, kwamba amebadilisha dawa yangu, kwamba hakuridhika kunipokonya mwenzangu wa meza sasa anataka na nafasi yangu ya chuo. Nikamwita mwizi.

Mwalimu hakunikaripia, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikuja mezani kwetu, akakinyanyua kile kichupa kwenye mwanga, akaniuliza polepole hii ni rangi gani. Nikasema kijani kinachokwenda kahawia. Akamwita Danieli, Danieli akasema ni tofali. Akaita mwingine, naye akasema tofali. Mimi nikadhani wamepangana. Mwalimu akaingia ofisini akarudi na kitabu chembamba, kila ukurasa una nukta nyingi za rangi kama punje za mtama zilizomwagwa. Akakipitisha. Mmoja anasema namba kumi na mbili, anageuza ukurasa, nane, anageuza, sita. Kilipofika kwangu niliona kumi na mbili, na baada ya hapo nikaona punje za mtama tu. Niligeuza na kugeuza. Nikamwambia Mwalimu kwamba kurasa hizi hazina kitu.

Darasa halikucheka tena. Mwalimu akafungua ukurasa mwingine akawaonyesha wote kwanza. Hakuna aliyeona kitu, hata Liberatus aliyekisogeza kitabu puani. Akakileta kwangu, na mimi nikaiona namba pale pale, ipo wazi kama jina la basi. Niliitaja. Mwalimu akasema ndiyo hiyo, ukurasa huu unasomwa na watu wa aina yako tu. Liberatus akakichukua tena akakigeuza juu chini, na nikaona kwa macho yangu haya mabovu kwamba ananionea wivu. Kwa dakika hiyo moja nilifurahi kama mjinga.

Ugonjwa huu unaitwa upofu wa rangi. Siyo kwamba naona nyeusi na nyeupe, la. Bluu naiona, njano naiona. Ila nyekundu na kijani na kahawia kwangu ni ndugu wanaofanana, na nyekundu iliyokolea inanijia kama nyeusi. Mwalimu alieleza kwamba mtu huzaliwa nao, anaupokea kwa mama, ingawa mama mwenyewe anaona vizuri. Na watoto wa kiume wa mama mmoja, huyu aweza kuupata na yule asiupate, ni bahati tu. Hapo nilikukumbuka wewe, kaka, lakini bado sikujua ninakumbuka nini.

Nilimwomba Liberatus radhi mbele ya darasa. Alinipa mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na wa kirafiki, jambo lililoniudhi zaidi. Mwalimu akasema hana budi kumwarifu mkuu wa chuo, na kwamba kikao kitaamua kama mtu asiyeona wekundu anaweza kuwa mganga wa hospitali. Mpaka kiamue niende likizo na wengine nikasubiri.

Nilikuwa nafunga vitu vyangu Paskalina akaja mlangoni pa maabara. Akatoa kile kikaratasi changu, akaniuliza nimekiandika kwa wino wa rangi gani. Nikamwambia mweusi. Akakaa kwenye benchi. Kaka, ulikuwa mwekundu. Danieli ana kalamu nyekundu ya kupigia mistari chini ya vichwa vya habari, na ndiyo niliyochomoa. Nawe unajua, hapa chuoni kama huko kwetu, mtu hamwandikii mwenzake kwa wino mwekundu ila ana ugomvi naye. Paskalina alisoma maneno yale matamu katika wino wa matusi, akaona nimemfanyia kejeli, kwamba nachoshwa na kelele zake mezani na ninamsuta kwa hiyo sauti yake. Alisema alilia. Halafu akaniambia kwa upole kwamba ameshampa Liberatus neno lake, na wazee wa Liberatus walishakwenda Mufindi kujitambulisha. Nikamwambia hongera. Nilijipima mapigo baadaye, lakini sitakuandikia yalikuwa ngapi.

Hivyo ndivyo nilivyokuja nyumbani mwezi wa sita. Wewe ulikuwa Ihefu na ng'ombe, nami nilishukuru kutokukuta, kwa maana ningekuambia nini? Kwamba msomi wenu anarudishwa? Basi liliponishusha barabarani nikatembea hadi nyumbani nikiona ng'ombe wa watu kila upande, na kila ng'ombe alinikumbusha yule mtamba.

Unamkumbuka? Tulikuwa bado Usukumani, kabla hatujahamia Usangu. Wakwe wa baba mdogo walikuja kuchukua mahari, baba akanituma mimi nimlete mtamba mwekundu walioahidiwa. Nikaenda, nikaleta wa kahawia mwenye kovu. Wakwe wakatazamana. Mmoja akauliza kama huku kwetu watu huahidi hiki na kutoa kile. Baba akakutuma wewe, ukaenda ukarudi na yule mwekundu bila hata kugeuka kuangalia wengine, na baba akakuwekea mkono kichwani mbele ya wageni. Mkono ule, kaka, niliutazama kama njaa inavyotazama chungu. Kwa miaka yote nimeuonea wivu. Hata nilipopelekwa shule na watu wakasema Magesa ana akili, moyoni nilijua kwamba mwenye kuwekewa mkono ni wewe, na mimi nimeondolewa zizini. Nilijituliza kwa jambo moja tu, kwamba angalau nimechaguliwa kwa kichwa changu.

Nilimkuta mama anabangua karanga. Nikakaa nikamsaidia, na nilipochoka kujikaza nikamweleza yote, maabara, kitabu cha nukta, kikao. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa. Aliendelea kubangua, machozi yanashuka, kisha akasema kwamba ndugu yake, mjomba Faustin, alikuwa hivyo hivyo, alikuwa akila nyanya mbichi akidhani zimeiva mpaka watu wakamwita mbuzi. Akasema hata baba anajua, amejua siku zote.

Nisikilize vizuri hapa, maana haya ndiyo niliyoyaandikia barua. Mama anasema jioni ile ya mtamba baba hakukasirika. Alimwuliza kuhusu mjomba Faustin. Siku iliyofuata wakaweka nyanya mbichi na mbivu katika kikapu kimoja, baba akaniambia nimletee zilizoiva tu, akakaa kunitazama. Mimi nikazishika moja moja, nikazibonyeza kwa vidole, nikamletea laini. Baba akamwambia mama kwamba mtoto huyu hawezi kupewa ng'ombe, watampotea na watu watamcheka maisha yake yote, kwa hiyo apelekwe mahali ambapo vitu vimeandikwa vyeusi juu ya vyeupe.

Lakini baba angeweza kumtoa mtoto mmoja tu, kazi ilikuwa nyingi. Na mtoto huyo, kaka, alikuwa ameshachaguliwa. Ulikuwa wewe. Katekista alikuwa amepita akaona jinsi ulivyoshika nyimbo zote za mafundisho kwa kusikia mara moja, akamwomba baba akuachie uende shule, na baba akakubali. Jina lilikuwa limeandikwa Nkuba. Baba alikwenda kwa katekista akalifuta, akaweka Magesa. Wewe ukaambiwa kwamba katekista amesema umri umekupita. Hakusema hivyo. Mama anasema ulikaa siku nyingi huongei na mtu, ukilala na ndama, na kwamba baba alikusikia ukiimba zile nyimbo zizini akatoka akaenda kukaa mbali. Hakukuambia kwa sababu hakutaka ujue kwamba umezuiliwa kwa kuwa huna kasoro. Na hakuniambia mimi ili nisijione kilema.

Unaikumbuka ile sare yangu ya kwanza? Kaptula ilinifika chini ya magoti, mikono ya shati niliikunja mara mbili, na watoto wa shule walinicheka. Mama alikuwa akiniambia nitakua. Kumbe ilikuwa imeshonwa kwa kipimo chako.

Nilirudi Iringa nikiwa nimenyamaza kama Danieli. Kikao kilikuwa kimeamua. Sitaajiriwa kazi ya maabara kamwe, lakini uganga sikunyimwa, kwa sababu Mwalimu Andendekisye alinitetea kwa ajili ya masikio yangu. Ila palipo na rangi lazima mtu mwingine anitajie, nami niseme maana yake. Hata kwenye mtihani wa vitendo itakuwa hivyo. Mwalimu akauliza darasani nani atajitolea, na kabla Danieli hajainua mkono, Liberatus alikuwa amesimama. Kwa hiyo sasa kila wiki huyo wa bugaluu anakaa mezani kwetu, anashika kichupa juu ya moto na kuniambia kijani, njano, tofali. Ana sauti nzuri, mwanakwaya. Ananisaidia kwa moyo mmoja, na mimi bado namwonea wivu, kwa macho yake na kwa Paskalina, na sijui kama utakwisha. Nafasi yangu imebaki.

Nasema nafasi yangu kwa mazoea tu. Sasa nikujibu ile barua. Uliandika kwamba mimi nilipewa kichwa na wewe ukapewa fimbo. Si kweli, kaka. Kichwa ulipewa wewe, na kila mtu aliyekuwepo alikiona. Kilichokuponza ni macho. Ungekosea yule mtamba siku ile kama nilivyokosea mimi, leo wewe ndiye ungekuwa hapa na koti jeupe, na mimi ningekuwa Ihefu nikipoteza ng'ombe wa watu. Nilikuonea wivu kwa mkono wa baba kichwani mwako, na mkono ule ndio uliokufungia zizini. Mama hajui kwamba nakuandikia. Aliniomba nisikuambie. Nimeshindwa, kwa sababu hii ni barua ya kwanza utakayoisoma peke yako, na nisingeweza kuianza na uongo.

Usimwendee baba kwa hasira, kifua chake hakiwezi. Mimi ndiye wa kukasirikiwa, nipo tayari. Mfikishie mama salamu za kawaida tu, na mwambie miguu aiweke juu anapokaa. Shemeji na watoto wasalimie mmoja mmoja kwa majina. Mwalimu Anania mshukuru kwa kukufundisha, na umwambie pole kwa kukosa uhondo wa barua zangu.

Nijibu mapema, kaka. Ukiwa umekasirika andika kwa wino mwekundu, una haki hiyo. Ila uniambie na kwa maneno pia, maana kwa macho yangu sitajua.

Ni mimi mdogo wako niliyevaa sare yako,

Magesa